Je, wajua kwa nini kuna virusi, kirusi na vairasi?

Ukipita Mwanjelwa, jijini Mbeya, unaweza kukuta kipande cha boksi ambacho fundi wa kompyuta ameandika kwa kalamu ya wino mzito: "Tunatoa vairasi." Katika zahanati, bango la ukutani linataja virusi vya UKIMWI, na muuguzi anayelifafanua husema "kirusi kikishaingia mwilini". Neno ni lilelile moja.

Asili yake ni virus ya Kilatini, ambayo kwa Warumi ilikuwa sumu, hasa ute wenye sumu kama wa nyoka. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alikuwa akichunguza ugonjwa unaoyatia majani ya tumbaku mabaka ya kijani kilichoiva na kilichofifia, wa jamii ile ambayo wakulima wetu huiita batobato. Nasi tuna tumbaku yetu huku Chunya. Alikamua majani yenye ugonjwa, akauchuja utomvu kwa kichujio cha kauri chenye vitundu vidogo mno hata bakteria hawapenyi, kisha akautia katika mmea wenye afya, nao ukaugua. Mrusi Dmitri Ivanovsky alikwisha kuliona jambo hilo mwaka 1892, lakini akaendelea kuwashuku bakteria. Beijerinck alikataa. Alisema hiki ni kitu kingine, kinachozaliana ndani ya mmea ulio hai, akakiita virus, ingawa hakuwahi kukiona kwa macho.

Kwetu neno hili liliingia kwa njia mbili. Kwa kufuata herufi zake na kuongeza irabu mwishoni, tulipata virusi. Kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, tukapata vairasi, ambayo hadi leo imekaa zaidi kwa mafundi wa kompyuta na simu.

Kirusi, hata hivyo, tumeizaa wenyewe. Sikio la Mswahili lilisikia vi- mwanzoni mwa neno, likaihesabu kuwa ya wingi kama katika vijiko, na umoja wake ukapatikana papo hapo. Ndivyo kitab ya Kiarabu ilivyotupatia vitabu, ijapokuwa ki- yake haikuwa kiambishi hata kidogo. Wapo wanaoikosoa kirusi. Mimi naitetea kwa moyo wote, kwa sababu bila hiyo tungebaki na "virusi kimoja", ambayo sarufi yetu haiikubali. Linalohitaji uangalifu ni herufi ya kwanza: ikiwa kubwa katikati ya sentensi, msomaji ataelewa lugha ya Ivanovsky.