Chonga hali kuti

Juzi tena, safari hii Pangani: mzee ana pampu mgongoni, anapulizia dawa makuti ya minazi michanga, eti chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi, anakula majani. Nilimwamkia, nikamwomba aishushe ile pampu. Chonga hali kuti!

Usiku hutua kileleni, akachimba hadi kwenye kuti changa ambalo bado limejikunja. Anatafuna ule ulaini, anafyonza maji yake, nyuzi anazisukuma nje. Tazama mdomoni mwa tundu: machicha matupu. Sasa chukua karatasi, ikunje mara nne, ikate pembeni mara moja, kisha ikunjue. Mkato mmoja umekuwa mingi. Ndivyo kuti linavyofunguka likiwa na zile pengo za umbo la V, kama limepitiwa na mkasi. Na mnazi hutoa kuti 1 hivi kwa mwezi, kwa hiyo kuti la tatu kutoka juu linakusimulia habari za miezi kama 3 iliyopita. Dawa unampulizia nani? Kama unataka kujua yumo leo, tafuta machicha mabichi, yenye unyevu, kisha ingiza waya wa ndoano umvute. Akikifikia kichilema, yaani kile kiini laini cha kileleni kinachotoa makuti mapya, mnazi mchanga hauponi.

Mayai hutagwa kwenye gogo la mnazi linalooza, kisiki au lundo la samadi. Buu hula uozo huo kwa miezi kadhaa, hujivua mara 2, huwa pupa, kisha anatoka mdudu mwenye pembe. Mnazi ulio hai buu haugusi. Msimsingizie kula mizizi.

Kinachoniuma ni magogo. Pwani hii, Bagamoyo nayo ikiwemo, ugonjwa umeua minazi mingi, na watu wanapanda miche kandokando ya mizoga yake. Vitabu vinasema choma magogo, basi. Gogo la mnazi lenye maji haliwaki! Nimewahi kushinda kutwa na vibarua wawili tukipasua na kuanika, tukamaliza manne tu. Siku hizi nashauri kuanza na yaliyo karibu na miche, ingawa moyo wangu hautulii, maana chonga anaruka, na gogo la jirani halina uzio.

Nyuma ya jiko la yule mzee palikuwa na gogo moja. Tulilipasua kwa shoka. Mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja ndani ya unga wa mti.

"Kumbe nawafuga mwenyewe," akasema, akamwita mjukuu wake awafungulie kuku.