Dawa ya kusukutua ikiwasha: wanavyodhani watu na ilivyo kweli

Dhana: Ikiwasha sana ndiyo inaua vijidudu.

Hii imeota mizizi kuliko zote, na inawatesa watu bure. Geuza chupa usome lebo. Listerine, dawa ya kusukutua maarufu, ile ya minti inayouzwa Marekani ina alkoholi asilimia 21.6, ile ya kwanza kabisa (Original), 26.9. Ili alkoholi yenyewe iue vijidudu barabara, inatakiwa ifike asilimia 60 hivi, kama ya kutakasia mikono. Ndani ya chupa hiyo kazi yake kubwa ni kuyeyusha thaimoli, mentholi na yukaliptoli, mafuta yasiyopatana na maji. Mafuta hayo ndiyo yanayopambana na vijidudu. Kwa hiyo zipo dawa zisizo na alkoholi hata tone, na zinafanya kazi vizuri.

Dhana: Alkoholi iliyomo inaleta saratani ya kinywa.

Hofu hii ilipamba moto mwaka 2008, baada ya mapitio ya kitafiti kuchapishwa Australia. Tafiti zilizokusanywa baadaye hazikuthibitisha uhusiano ulio wazi. Kisicho na ubishi ni pombe ya kunywa na tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, hasa vikikutana kwa mtu mmoja. Anayetafuna tambuu yenye tumbaku, hicho ndicho cha kuacha kwanza.

Dhana: Inamfaa kila mtu nyumbani.

Hapana, na hapa nasisitiza. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe, maana atameza. Chupa ya mililita 250 yenye asilimia 21.6 imebeba mililita 54 za alkoholi tupu. Mtoto akiinywa, sukari ya damu inaweza kushuka hadi apoteze fahamu. Iwekeni juu, asikofika. Mwenye kinywa kikavu, kwa mfano kwa sababu ya baadhi ya dawa za presha, au mwenye vidonda mdomoni, achague isiyo na alkoholi.

Dhana: Ukishapiga mswaki, sukutua papo hapo.

Ukifanya hivyo unaiondoa floridi, kinga ya meno iliyomo kwenye dawa ya meno, kabla haijafanya kazi. Tema povu, usisuuze. Kama unapenda kusukutua, fanya wakati mwingine, labda baada ya chakula cha mchana, kisha kaa nusu saa bila kula wala kunywa. Ukoga ulioganda kwenye ufizi hautoki kwa kusukutua. Ule wa jana na leo unatolewa na mswaki, uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe unakwanguliwa na daktari wa meno.