Vitendea kazi vya mwalimu wa awali: cha kupakua, cha kutengeneza na cha kukataa

Walimu wa awali wa Arusha na Moshi huuliza sana wapate wapi vitendea kazi. Mimi huanza na mtaala. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulianza kutumika Januari 2024, lakini nakala za ule wa 2016 bado zimejaa makabatini na kwenye magrupu ya WhatsApp. Tazama mwaka kwenye jalada kabla hujaandaa azimio la kazi, yaani mpango wako wa kufundisha. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania unavisoma bure kwenye maktaba mtandao yao ukishajisajili. Kama uko kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, msimamizi wako ni Ustawi wa Jamii. Usimpe mtoto wa miaka mitatu kazi za darasa la awali kwa sababu tu ndicho kitabu kilichopatikana.

Kinachokosekana zaidi darasani ni hadithi. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, Kimaasai kikiwemo, na hilo ni jambo kubwa kwa mwalimu wa Monduli au Longido anayepokea watoto wenye Kiswahili kidogo. Leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa na kutafsiri, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Anza na ngazi ya kwanza, yenye neno moja au sentensi fupi kwa kila ukurasa. Pakua ukiwa mahali penye mtandao mzuri, faili likae kwenye simu.

Shida ni kwamba karatasi ya A4 haionekani kwa mtoto aliyekaa nyuma. Tengeneza kitabu kikubwa. Nunua manila nne nyeupe, kata kila moja katikati, upate kurasa nane. Kwenye duka la stationery wakuchapie picha tu, nyeusi na nyeupe, kisha zipakeni rangi darasani. Maneno yaandike kwa mkono kwa maka peni nene, herufi ziwe na urefu wa sentimita 3 hivi, mstari mmoja au miwili chini ya picha. Usiandike kwa herufi kubwa tupu. Na angalia "a": ile ya kompyuta mara nyingi ina mkunjo juu, na mtoto anayeanza kusoma huiona kama herufi nyingine kabisa. Andika "a" ya mviringo, ileile atakayoiandika yeye.

Gundi ya kubandikia picha si lazima ununue. Koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabuja yaishe, ndipo uweke jikoni na kukoroga hadi iwe uji mzito. Iache ipoe, paka nyembamba. Ukizidisha, karatasi hujikunja na kuota ukungu, hasa wakati wa masika. Itumie siku hiyohiyo, kwa kuwa ikilala huchacha, na mende huifuata. Kabla ya kutoboa matundu ya kufungia, bandika sellotepu pana ukingoni, mbele na nyuma, maana kitabu huanza kuchanika palepale. Kamba isikazwe sana, la sivyo kurasa hazigeuki.

Soma hadithi hiyohiyo siku tatu au nne mfululizo. Watoto hawaichoki, na siku ya tatu utawasikia wakitangulia kusema sentensi kabla hujaifikia.

Kwa kuhesabu, wengi tunakimbilia vifuniko na mbegu. Hapa naomba tuwe wakali. Chukua lile bomba la katikati ya tishu ya chooni: kitu chochote kinachopita humo ndani kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kifuniko cha maji kinapita. Kwa watoto wa miaka mitano kinatumika, ila weka kumi kumi kwenye mikebe na mkebe urudi na kumi. Vifuniko vya soda vina meno na hupata kutu, viache. Mbegu za nyonyo, zinazookotwa bure kando ya njia, zina sumu kali. Hazifai hata kidogo, wala zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri. Maharage nayo yakiingia puani hunywa unyevu na kuvimba. Usijaribu kuyachokoa, mpeleke mtoto zahanati.

Mimi napendelea vipande vya mbao kutoka kwa mafundi seremala, vya sentimita 5 kila upande, vilivyopigwa msasa hadi kwenye kona. Muulize fundi kama mbao iliwekwa dawa. Kama iliwekwa, iache.

Kitendea kazi kinachodharauliwa ni daftari la kumbukumbu. Kila mtoto awe na ukurasa wake. Kwa uwiano wa watoto 25 kwa mwalimu, ukiwatazama watano kwa siku, wiki inawamaliza wote. Darasa likiwa na 60, chukua watatu kwa siku, mzunguko ukamilike kwa wiki nne. Andika ulichokiona, si hukumu yako. "Anaelewa vizuri" haikusaidii kitu. "Alipanga vifuniko saba, akavihesabu, akaruka tano, akafika nane" inakuonyesha pa kuanzia kesho: hesabu kwa kugusa, kidole kimoja, kitu kimoja, namba moja.

Ukurasa kama huo, jina likiwa limefunikwa, ndio wa kupeleka kwenye jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), wenzako waseme wangefanya nini. Lakini ukiandika kuhusu alama za kipigo au mtoto aliyebadilika ghafla, hayo hayapelekwi kikaoni wala kwenye grupu. Mwone afisa ustawi wa jamii, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.