Je, wajua kwa nini homa ya mtoto wa Moshi si lazima iwe malaria?

Mtoto akichemka usiku, iwe Pasua au Majengo, neno la kwanza nyumbani ni malaria. Hospitalini nako lilikuwa ndilo neno la kwanza kwa miaka mingi.

Kati ya 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi hapa Moshi, zaidi ya nusu yao watoto. Kwa macho ya daktari, 528 walikuwa na malaria. Maabara ilipomaliza kupima, wenye malaria kweli walikuwa 14. Kumi na wanne tu! Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, wengine homa zinazotoka kwa wanyama, kama leptospirosisi na homa ya Q. Kwa nchi hii ya migomba, ambako ng'ombe na mbuzi hufugwa zizini hatua chache tu kutoka jikoni, hilo lina mantiki.

Kosa hili linaua. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2004, ulichunguza wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Waliokutwa na vimelea vya malaria kwenye damu hawakufika nusu. Na wasiokuwa na vimelea ndio waliokufa zaidi: karibu 12 katika kila 100, dhidi ya 7 kwa wenye malaria. Dawa ya malaria haigusi bakteria, na mtoto mchanga hana siku za kupoteza.

Sasa, habari hizi humfikiaje tabibu wa zahanati? Ripoti ya wale wagonjwa 870 ilitoka 2013 katika jarida la PLOS, ambalo msomaji halilipii hata senti. Majarida mengi hayako hivyo. Makala moja huuzwa kwa makumi ya dola. Tangu 2002 mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani umezifungulia taasisi za nchi maskini majarida hayo, bure au kwa bei nafuu. Ni msaada mkubwa, ila mlango wake hupitia taasisi. Tabibu aliye peke yake kijijini, asiye na nywila ya chuo wala ya hospitali kubwa, anabaki nje.

Na hata iliyo bure imeandikwa kwa Kiingereza. Damu ilitolewa na watoto wa hapa hapa Moshi. Mama zao, ambao leo wakiambiwa "kipimo kinaonyesha hana malaria" huuliza "sasa ana nini?", wanastahili kulisoma jibu hilo kwa Kiswahili.