Kila Kitu Tumeshatoa, Sasa Tunasubiri Nini? Kuasili Mtoto wa Nchi Nyingine

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote halihusu ada wala umri. Wanandoa wanaotaka kuasili mtoto wanaketi ofisini kwangu, mume anaweka bahasha nene mezani, mke anauliza: "Kila kitu tumeshatoa. Sasa tunasubiri nini?" Wengine ni wageni wanaofanya kazi hapa nchini. Wengine ni Watanzania wanaoishi Marekani, wamekuja likizo na wanataka suala liishe kabla ndege haijaondoka. Chumba kimeshapakwa rangi na kitanda kipo. Mtoto hayupo, na hakuna anayewapa tarehe.

Kwa mtu aliyekulia kwetu, kusubiri kwa namna hii kunashangaza. Shangazi asiyejaliwa mtoto hupewa wa kaka yake: begi linafungwa, mtoto anapandishwa basi la alfajiri, jioni anakula ugali kwenye nyumba nyingine. Hakimu haitwi, wala muhuri hautafutwi. Nusu ya ukoo wangu imelelewa hivyo, na sioni aibu kusema imelelewa vizuri. Lakini mtoto yule hakubadilishwa jina, mama yake aliendelea kuitwa mama, na kwenye msiba au sikukuu alirudi nyumbani. Kuasili ni jambo jingine. Mahakama inaandika kwamba waliomzaa si wazazi wake tena kisheria, na kwamba hawa wawili ndio wazazi. Ukiongeza juu yake uraia mpya, lugha mpya na bahari katikati, kosa likishafanyika halirekebishwi kwa basi la jioni. (Waislamu wengi huchagua kafala, ambapo mtoto analelewa lakini nasaba yake inabaki ya baba yake. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua. Nchi nyingi za Ulaya haziihesabu kuwa kuasili, kwa hiyo uliza mapema.)

Huwa nawaambia wanandoa kwamba kusubiri kwao kuna mafungu mawili yanayofanana kwa nje. Kuna muda unaotumika kwa ajili ya mtoto, na kuna muda unaoliwa na makaratasi. La kwanza usiombe liharakishwe. La pili lifuatilie kila wiki.

Anza na la mtoto. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993, unaosimamia watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, umepanga mambo kwa utaratibu ambao wanandoa wengi huuona umekaa kichwa chini miguu juu. Wao wanadhani safari inaanza na familia inayotaka mtoto. Mkataba unaanza na mtoto: je, kweli anahitaji kuasiliwa? Je, amekosa familia ndani ya nchi yake? Waliomzaa wameridhia kwa hiari, kwa maandishi, bila kulipwa, na mama ameridhia baada ya kujifungua na si kabla? Maswali hayo yakishajibiwa ndipo mtoto hutafutiwa wanandoa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unakwenda mbali zaidi na kusema kuasiliwa nje ya nchi ni njia ya mwisho kabisa.

Sasa fikiria kazi hiyo inavyofanyika. Mtoto ameokotwa stendi. Afisa ustawi wa jamii anatafuta askari aliyempokea, anapekua daftari la kituo cha afya, anakwenda kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa, anaweka tangazo. Kijijini anaambiwa familia ilihama mwaka juzi. Anaomba nauli, nauli inachelewa. Anapofika kule walikohamia, anamkuta bibi aliyekuwa akidhani mjukuu wake amekufa. Hapo jalada la kuasiliwa linafungwa, na nchi ya pili kuna mke na mume wanaolia kwa sababu "mchakato umekwama". Haukukwama. Umefanya kazi yake.

Sehemu kubwa ya watoto wanaoishi kwenye makao, huku kwetu na kwingineko, wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Umaskini, ugonjwa au ndoa mpya ndivyo vilivyowafikisha pale. Ndiyo maana haraka ni hatari. Oktoba 2007 kikundi cha Wafaransa kilichojiita L'Arche de Zoé kilikamatwa mashariki mwa Chad kikiwa tayari kuwapandisha ndege watoto 103, kwa maelezo kwamba ni yatima wa vita vya Darfur. Familia zilizokuwa zimejiandaa kuwapokea zilishafika uwanja wa ndege Ufaransa kuwasubiri. Walipohojiwa, ilionekana wengi wa watoto wale walikuwa wa Chad na walikuwa na wazazi au walezi hai. Januari 2010, wiki chache baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani kumi walizuiwa mpakani na watoto 33, na hadithi ikawa ileile. Jirani yetu Uganda, mlango uliotumika ni amri ya ulezi wa kisheria: mgeni anaipata mahakamani kwa siku chache, anaondoka na mtoto, kuasili kunakamilishwa ng'ambo. Sheria ya mwaka 2016 ikaubana mlango huo, na sasa mgeni anatakiwa awe ameishi Uganda na kumlea mtoto kwa mwaka mmoja. Miaka minne baadaye Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wenzao, ikiwatuhumu kushiriki mtandao uliowachukua watoto kwa wazazi wao kwa ahadi za uongo.

Kwa hiyo mtu akikuahidi mtoto ndani ya wiki tatu, usimshukuru. Inuka, chukua bahasha yako, uondoke.

Fungu la pili ni la makaratasi, na hapa sina huruma na ofisi yoyote, hata ya kwangu. Chukua wanandoa wanaoomba kutokea Marekani. Kwanza huja afisa kuwatembelea nyumbani: anaangalia vyumba, anauliza mishahara, anachimba utoto wao, ugomvi wao, magonjwa yao na misiba yao. Taarifa yake isiwe imepita miezi sita siku inapowasilishwa. Kibali cha uhamiaji kinachowaruhusu kupokea mtoto kina miezi 15, na alama za vidole zina muda wake. Vyeti vya polisi na vya daktari navyo nchi ya mtoto huvipangia ukomo wake. Hati moja ikiisha kabla nyingine haijafika, unarudi foleni. Nimewahi kuona wanandoa wakilipia uchunguzi wa afya mara tatu kwa ajili ya mtoto ambaye hawajaiona hata picha yake. Dawa ni ya kizamani: karatasi moja ukutani yenye jina la kila hati na siku inayokufa, na kuanza kuihuisha miezi mitatu kabla.

Halafu kuna foleni yenyewe. Mfano mkubwa kuliko yote ni China, iliyotoa zaidi ya watoto 150,000 kwa familia za nje tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya nusu wakienda Marekani. Mwaka 2005 peke yake Wamarekani walipokea karibu 7,900, na wanandoa waliosajiliwa wakati huo walisubiri chini ya mwaka mmoja kupata pendekezo la mtoto. Waliosajiliwa 2007 wakiomba mtoto mchanga mwenye afya walijikuta wakipita mwaka wa sita bado wapo kwenye foleni ileile. Hawakuwa wamekosea kitu. Uchumi wa China ulikuwa umekua, familia za ndani zilianza kuasili zaidi, masharti ya idadi ya watoto yakalegezwa, na kwenye makao wakabaki hasa watoto wakubwa na wenye mahitaji ya matibabu. Foleni haikusogea kwa sababu watoto waliokuwa wakiombwa hawakuwapo. Hiyo ni habari njema ambayo ukiwa ndani ya foleni huwezi kuisikia hivyo, na simlaumu mtu.

Nchi nyingine huchelewesha kwa makusudi. Machi 2011 wizara inayohusika Ethiopia ilitangaza kwamba itashughulikia maombi yasiyozidi matano kwa siku, kutoka kama hamsini, ili ipate muda wa kukagua nyaraka. Januari 2018 bunge likapiga marufuku kabisa wageni kuasili.

Na kufungwa kwa mlango ukiwa katikati ya kizingiti ndilo jambo linalowavunja watu. Septemba 2013 mamlaka ya uhamiaji ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni, kwa hofu ya nyaraka za kughushi na ya watoto kuhamishiwa familia nyingine wakishafika ng'ambo. Wengi wa wale wanandoa walikuwa tayari na hukumu ya mahakama mkononi. Kisheria walikuwa wazazi, lakini mtoto wao hakuweza kupita uwanja wa ndege wa Kinshasa. Wapo waliohamia Kinshasa kukaa naye. Wengine walituma pesa ya matunzo kila mwezi na kumwona mtoto akikua kwenye simu. Kundi la kwanza la watoto sabini na ushee liliruhusiwa Novemba 2015, zaidi ya miaka miwili baadaye. China nayo ilisimamisha safari mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na Septemba 2024 ikatangaza kwamba mpango umefungwa, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na watoto wa kambo. Familia mia kadhaa za Marekani zilikuwa zimeshaoneshwa mtoto, zimempa jina, zimemtumia blanketi. Kenya ilisitisha kuasili kwa wageni Novemba 2014. Uholanzi imeamua kuufunga mpango wake, baada ya uchunguzi kuonesha makosa ya miongo mingi. Marekani, iliyopokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004, ilipokea 1,275 katika mwaka wa fedha 2023. Anayeanza leo ajue anaingia kwenye njia inayozidi kuwa nyembamba, na amwulize wakala wake kwa maandishi: nchi ikifunga, pesa yetu inarudi kiasi gani, na mtoto tuliyeoneshwa atapewa taarifa na nani?

Niongee kidogo na ndugu zetu walio ng'ambo, kwa sababu hapa ndipo machozi mengi yanapomwagika bila sababu. Unaishi Minneapolis, dada yako Mwanza ana watoto watano, mmekubaliana umchukue mmoja. Kwetu hilo limeshaisha kwenye kikao cha familia. Mahakama ya Tanzania nayo inaweza kukupa amri ya kuasili. Lakini Tanzania haimo kwenye Mkataba wa The Hague (Kenya, Burundi na Rwanda zimo), hivyo uhamiaji wa Marekani utamtazama mtoto kwa kipimo cha "yatima" cha sheria yao: wazazi wamekufa, wametoweka, wamemtelekeza, au aliyebaki mmoja hawezi kumtunza na amemwachia kwa maandishi. Mtoto wa dada mwenye mume na shamba hapiti hapo. Ombi liwasilishwe kabla hajatimiza miaka 16, na mmoja wenu awe raia wa Marekani. Grini kadi haitoshi kwa njia hii. Ulizeni hayo kabla ya kwenda mahakamani, maana nimeona mtoto aliyeondolewa kisheria kwa mama yake na kisha kunyimwa viza.

Kwa mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo na amemlea mtoto huyo angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Watu hulalamika kwamba miaka mitatu ni mingi. Mimi nimewaona waliokaa miaka hiyo. Wanajua mtoto akisema "sitaki" kwa sauti ile ana maana ya njaa.

Wakati huo wa kusubiri, msikae mkihesabu siku tu. Zingatieni kwamba mtoto naye anakua: mliyemwomba akiwa na miezi minane atafika ana miaka mitatu, ana rafiki, ana mlezi anayemwita mama, na ataomboleza. Nguo mlizonunua hazitamtosha. Ombeni taarifa mpya ya afya kila baada ya miezi michache, na tafuteni daktari wa watoto aisome pamoja nanyi. Msitafute njia ya kuwasiliana na wazazi waliomzaa kabla ya ridhaa zote kukamilika, isipokuwa kama ni ndugu yenu, kwa kuwa Mkataba unakataza na sababu yake ni pesa. Kusanyeni kila kinachomhusu mahali alipotoka, hata picha ya geti la makao, maana akifika miaka kumi na tano atauliza.

Na jifunzeni lugha yake. Simaanishi kozi ya cheti. Wanandoa fulani waliokuwa wakisubiri mtoto aliyekulia Kiswahili walinijia na daftari wakataka niwaandikie sentensi. Tukaziandika ishirini. "Unataka maji?" "Umeumia wapi?" "Taa tuiache?" Mke alizisoma kwa sauti hadi matamshi yakakaa, kisha akaniomba niongeze moja: namna ya kumwambia mtoto kwamba mlezi wake wa kule kwenye makao anamkumbuka.