Garchomp wako hahitaji Giga Impact, acheni kupanga seti kwa kufuata namba kubwa

Wakuu, leo naandika uvumilivu ukiwa umeniishia, maana wiki haipiti bila mtu kunitumia seti ya Garchomp, yaani muvu nne anazobeba Pokémon huyo kwenye mechi, yenye Giga Impact, Outrage, Draco Meteor na Fire Blast, halafu chini yake ananiuliza mbona anapoteza kila mechi. Ukimuuliza kwa nini kachagua hizo, jibu ni lile lile kila siku: ndizo zenye nguvu kubwa kuliko zote. Mwingine anaongezea kwamba kaweka na muvu za aina nne tofauti, kama Moto au Jiwe, ili apige kila mtu. Sasa hili jambo naomba tulimalize leo, na tutalimaliza kwa hesabu, kwa sababu kubishana kwa maneno matupu tumebishana sana.

Anza na Giga Impact. Namba yake ya nguvu ni 150, sawa. Earthquake ni 100, lakini Garchomp ni Joka na Ardhi kwa hiyo anapata STAB, nyongeza ya muvu inayolingana na aina yake mwenyewe, 100 mara 1.5 unapata 150. Umeona? Ni zile zile! Tofauti ni kwamba Earthquake haikosei, na ukishapiga unaendelea na mambo yako, wakati Giga Impact inakosa mara moja kati ya kumi na ikishapiga unakaa zamu nzima umeduwaa huku mwenzako anafanya anachotaka. Zamu moja ya bure kwa mchezaji anayejua ni mechi nzima. Sijawahi kuelewa mtu anatetea vipi hiyo kitu.

Twende Draco Meteor, hii ndiyo inawadanganya wengi kwa sababu kwenye skrini inasoma 130 na ni ya Joka, STAB inaipeleka 195, mtu anaona kapata bomu. Lakini Draco Meteor inatumia Special Attack, stat tofauti na Attack inayotumiwa na Earthquake, na Garchomp base yake (namba ya kuzaliwa nayo) upande huo ni 80 tu wakati Attack ni 130. Na seti yenyewe umeweka Jolly, nature (tabia ya Pokémon) inayokata Special Attack! Level 100, EV (pointi za mafunzo) 252 kwenye Attack, Garchomp wa Jolly ana Attack 359 na Special Attack 176. Yaani nusu. Kwa hiyo ile 195 yako mbele ya mtu mwenye Defense na Special Defense zinazolingana inakuwa kama 95 hivi, wakati Dragon Claw ya kawaida kabisa, 80 mara 1.5, ni 120. Fire Blast ndiyo usiseme, 110 yake inashuka hadi 54, chini ya Fire Fang ambayo ni 65 na inakosa mara chache zaidi. Namba ya kwenye muvu haina maana peke yake mpaka ujue inasimama juu ya stat gani. Wapo waliomchezesha Garchomp mchanganyiko, anayetumia Attack na Special Attack zote, tangu enzi za Diamond na Pearl na ilikubali, lakini wale walichagua nature ya Naive au Hasty, zisizokata yoyote kati ya hizo mbili, na kugawa EV zao huko kwa makusudi, hawakubandika tu.

Outrage, nayo ya Joka, nitapita haraka. Inakufunga zamu mbili au tatu, halafu unachanganyikiwa. Tangu Fairy, aina isiyoguswa na Joka, waingie mwaka 2013 mwenzako anaingiza Fairy mmoja, Outrage inamgusa sifuri, na wewe bado umefungwa. Ina kazi yake mwisho wa mechi wakishakufa wote wa kuizuia. Basi.

Sasa tuje kwenye kinachonikera kuliko vyote, hii imani ya "aina nne tofauti". Watu wanajaza seti kama wanajaza fomu, Joka tiki, Ardhi tiki, Moto tiki, Jiwe tiki, bila kujiuliza swali moja tu: nani anaingia mbele yangu?

Tuchukue Fire Fang. Unapambana na Pokémon wa Nyasi, Moto inampiga mara mbili, mtu anabonyeza Fire Fang moja kwa moja kwa sababu kaona "super effective". 65 mara 2 ni 130. Kama huyo mnyasi ana aina ya pili inayofanya Earthquake imguse kawaida, Earthquake yako ni 150! Umepiga kidogo zaidi ili uone maandishi mazuri kwenye skrini. Hili watu hawalijui kabisa, STAB yenye nguvu inayopiga kawaida mara nyingi inaizidi muvu dhaifu inayopiga mara mbili. Kwa hiyo Fire Fang kwa Garchomp haipo kwa ajili ya "aina ya Moto", ipo kwa ajili ya watu wachache wanaojulikana kwa majina. Scizor ni Mdudu na Chuma, Earthquake inamgusa kawaida, 150, Fire Fang inampiga mara nne, 260. Ferrothorn hivyo hivyo. Hapo sasa inaeleweka.

Na njia sahihi ya kuitafuta muvu ya tatu ni kuangalia kwanza zile mbili za STAB kwa pamoja, halafu unauliza nani anazizuia zote mbili. Garchomp wa kizazi cha nne, enzi hizo za Diamond na Pearl, ndiye mfano mzuri kuliko wote ninaoujua. Joka inazuiwa na Chuma peke yake siku hizo, na Chuma anaumia kwa Ardhi, kwa hiyo ili uzuie vyote viwili lazima uwe Chuma ambaye hagusi chini. Hesabu wako wangapi wa maana: Skarmory kwa sababu anaruka, Bronzong kwa sababu ya Levitate, uwezo wa kuelea. Wote wawili wanaumia kwa Moto. Ndiyo maana seti za zamani zilikuwa Swords Dance (haipigi, inapandisha Attack mara mbili), Outrage, Earthquake na muvu moja ya Moto, na nafasi ile ya Moto ilikuwa na majina mawili juu yake tayari. Huyo Garchomp Smogon, jumuiya inayopanga madaraja ya mechi, walimtoa OU, daraja la kawaida, wakampeleka Ubers, la wenye nguvu kupita kiasi, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni Sand Veil, uwezo wa kukwepa mapigo kwenye mchanga, lakini hata bila mchanga ile seti ilikuwa imefunga milango yote.

Halafu mwaka 2013 milango ikafunguka upya. Togekiss akabadilishwa akawa Fairy na Angani, yaani Joka haimgusi, Ardhi haimgusi, STAB zako zote mbili ni sifuri kwake. Fire Fang inamgusa kawaida tu, 65, anacheka. Stone Edge inampiga mara mbili, 200. Ghafla muvu ya tatu ikawa ya Jiwe. Mwaka 2019 akaja Corviknight, Angani na Chuma, Stone Edge kwake ni kawaida, 100, Fire Fang ni 130. Kwenye Sword na Shield ungeweza kukutana na wote wawili, na nafasi unayo moja. Kwa hiyo mtu akiniuliza "Garchomp, Fire Fang au Stone Edge?" akitaka jibu la neno moja, mimi namuuliza wewe nani anakunyima usingizi, Togekiss au Corviknight? Hakuna jibu nje ya hapo. Muvu ile ile, Pokémon yule yule, inakuwa sahihi mwaka huu na mwakani inakuwa takataka bila namba yake kubadilika hata moja.

Usahihi wa kulenga nao. Stone Edge ni asilimia 80. Watu wanasoma 80 wanaona kama ni karibu kila mara. Ukihitaji ipige mara mbili mfululizo uko kwenye 64. Ukihitaji mara tatu uko karibu na nusu. Kwa hiyo iweke kama unahitaji pigo moja, usiipe kazi ya kila zamu.

Swords Dance sasa, maana kuna kundi la pili linaloniambia muvu isiyopiga ni nafasi iliyopotea. Hesabu ni hii: ukipiga mara mbili umepata 1 na 1, jumla 2. Ukicheza Swords Dance kwanza halafu upige, umepata 0 na 2, jumla 2. Mpaka hapo mko sawa, na ndipo wanapoishia. Zamu ya tatu yule wa kupiga tu ana 3, wewe una 4, na anayeingia baada ya hapo anakukuta umeshapanda. Lakini hata hilo siyo lenyewe hasa. Lenyewe ni kwamba kuna zamu ambayo mwenzako hana jinsi lazima aswichi. Amekukuta umeingia mbele ya Heatran wake, Heatran anakula Earthquake mara nne, labda awe na Air Balloon, puto la kumfanya aelee, la sivyo anaondoka. Zamu hiyo anaondoka, ukipiga Earthquake unaweza kumpiga mtu anayeruka anayeingia, sifuri. Ukicheza Swords Dance hujapoteza kitu hata akiingia nani. Muvu isiyopiga ndiyo muvu pekee isiyojali anaingia nani, na hiyo ndiyo thamani yake.

Kwa wale wa VGC, mashindano rasmi ya Pokémon, level 50, wawili kwa wawili, yote niliyosema inabidi uyapange upya. Earthquake kule inapiga kila mtu akiwemo mwenzio, na kwa sababu inasambaa inakatwa hadi 0.75, kwa hiyo 150 inakuwa 112 na ushee, chini ya Dragon Claw yenye 120 kwa mtu mmoja. Na Protect, muvu ya kujikinga kwa zamu moja, kule karibu kila mtu anaibeba, nafasi moja nzima kwa ajili ya kutokufanya kitu, na ni sahihi. Anayebisha akaangalie fainali za dunia za mwaka 2014 Washington, D.C., Sejun Park wa Korea Kusini alichukua ubingwa akiwa na Pachirisu. Pachirisu! Jumla ya base stats zake ni 405, Garchomp ana 600. Muvu zake zilikuwa Nuzzle yenye nguvu 20, Super Fang ambayo inakata tu nusu ya HP iliyobaki, Follow Me na Protect. Ukizipanga kwa namba ile ni seti mbovu kuliko zote duniani. Lakini kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kuvuta mapigo ili wenzake wafanye kazi, na Garchomp alikuwemo kwenye timu hiyo hiyo. Nguvu ilikuwepo, ila ilikuwa kwa mtu mwingine.

Kuna mambo ambayo miongozo haipendi kusema. Kwanza, zile takwimu za matumizi za kila mwezi mnazonakili. Zinakuonyesha kila muvu peke yake ina asilimia ngapi, hazikuambii zilikuwa pamoja. Unaweza kuchukua nne za juu ukatengeneza seti ambayo karibu hakuna aliyeicheza, nusu ya mshambuliaji na nusu ya mtega mawe (Stealth Rock, mawe yanayomuumiza kila adui anayeingia). Pili, kikokotoo cha mapigo unachokiamini kinataka umwambie EV za adui, na EV za adui huzijui, umezibuni. Juu ya hapo kila pigo linacheza kati ya 0.85 na 1.00. Kwa hiyo ninapokuambia "Fire Fang inaua baada ya Swords Dance moja" namaanisha inaua yule niliyemfikiria kichwani. Na Terastal ya Scarlet na Violet imezidisha, unaweza ukapanga muvu yako ya tatu kwa ajili ya mtu fulani, akabadilisha aina mbele ya macho yako. Sijapata mtu wa kunishawishi kwamba hilo lina kanuni ya uhakika, mimi mwenyewe bado nakisia.

Nafasi ya nne ndiyo ngumu kuliko zote na siamini anayesema anaijua akiangalia Garchomp peke yake. Inaamuliwa na wale watano wengine. Kama timu ina Magnezone, anayewanasa wa Chuma, Corviknight ana mtu wake tayari, Fire Fang ya nini tena, weka Stone Edge. Kama unaye Tyranitar wa kuwashughulikia wa angani, rudisha Fire Fang. Na kama hakuna mwingine kwenye timu mwenye Stealth Rock, mimi mara nyingi naiweka hapo na kuacha mashambulizi yote ya ziada, kwa sababu Togekiss akiingia anapoteza robo ya HP, Corviknight anapoteza asilimia 12.5, kila mara wanapoingia, bila mimi kubahatisha nani anakuja. Isipokuwa wawe wamevaa Heavy-Duty Boots, viatu vinavyokinga mawe hayo, na hapo tumerudi kwenye Stone Edge na asilimia 80 zake.