Aibu ya Mtu Mzima Mbele ya Kiingereza

Mtu anayeanza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka 40 haji darasani mikono mitupu. Mtaani ni baba au mama fulani, kazini ana watu chini yake, na kwa Kiswahili chake anasuluhisha ndoa za watu. Akifungua kinywa kwa Kiingereza, anajisikia amerudi darasa la pili. Sisi wakufunzi wa elimu ya watu wazima tunawaona: daftarini anaandika vizuri, ukimwomba aseme, jasho linamtoka.

Huo si uvivu wala uzito wa kichwa. Mwaka 1986 mtafiti Elaine Horwitz na wenzake walitunga dodoso la vipengele 33 la kupima hofu ya darasa la lugha ya kigeni, na linatumika mpaka leo. Akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Wazo la "watanicheka" likiingia, linakalia nafasi ambayo ingetumika kutafuta neno. Ndiyo maana msamiati alioukariri usiku unayeyuka asubuhi.

Kwa Watanzania wengi jeraha hili ni la zamani. Shule ya msingi ya serikali walisoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza wakakuta kila somo kwa Kiingereza. Wapo waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Aliyefunzwa kwa kudhalilishwa hujifunza kunyamaza.

Makosa mengine tunayaita ujinga bure. Mwanafunzi akimwita dada yake "he", ni kwa sababu Kiswahili kina "yeye" mmoja, hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Na umri? Lafudhi kweli huwa ngumu kubadilika ukubwani. Lakini uchunguzi uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa 1978 ulionyesha kuwa miezi ya mwanzo, vijana na watu wazima walikwenda mbio kuliko watoto wadogo.

Kwa hiyo mwalimu, mwache amalize sentensi ndipo umrekebishe. Mpe kwanza afanye mazoezi na mwenzake mmoja kabla ya kusimama mbele ya wote, tena aanze na analolijua: fundi cherehani aeleze anavyokata gauni.

Nawe mzazi mwenye mtoto shule ya mchepuo wa Kiingereza, usijifiche kwake. Jioni akusomee kitabu chake kwa sauti, nawe umfuatishe, mstari kwa mstari.